Wanga wa muhogo ndani ya plastiki inayooza: filamu ikiharibika, chanzo kitafute wapi?

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, wenye mashine ndogo za plastiki wamekuwa wakiuliza kama muhogo unaweza kuwapa kifungashio kinachooza. Unaweza. Ila anayeanza hukutana na mapovu, vidoa, filamu (utando mwembamba wa plastiki) inayochanika kwa kuguswa, au mfuko uliotoka laini mashinini na wiki mbili baadaye unavunjika ukikunjwa. Mwongozo huu unazifuata dalili hizo hadi kwenye vyanzo vyake.

Mfano mkuu ni wanga wa muhogo uliolainishwa kwa gliserini, kisha ukachanganywa na PBAT. Hii ni plastiki inayooza iliyo nyumbufu kiasi cha kupulizwa kuwa filamu, na huyeyuka kati ya nyuzi 110 na 125 za Selsiasi. Kwa sehemu kubwa hutokana na petroli, lakini vijidudu huweza kuila. PLA, inayotokana na sukari za mimea zilizochachushwa kuwa asidi ya laktiki, ni ngumu zaidi, huvunjika kirahisi na huyeyuka kati ya nyuzi 150 na 180. Nitaitaja pale ambapo tabia yake ni tofauti.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya dalili yoyote: kasoro unayoiona kwenye mdomo wa mashine mara nyingi haikuzaliwa hapo. Ilizaliwa kwenye gunia la wanga, kwenye maji yaliyobaki, au kwenye wanga ambao haukuiva. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha joto kabla hujapima unyevu. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu, kisha subiri mashine itoe nyenzo mpya kabla ya kuhukumu. Ukigusa joto, kasi ya skrubu na kiasi cha gliserini kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Maji yanayopika na maji yanayoua

Wanga mbichi hauyeyuki kama plastiki. Ukiupasha peke yake utaungua kabla ya kulainika. Unahitaji maji na kilainishi, kwa kawaida gliserini, pamoja na joto na msukosuko wa skrubu, ndipo punje zake zipasuke na kugeuka uji mzito unaoweza kuumbwa. Punje za muhogo huanza kufura na kupasuka kwenye maji mengi kwa takriban nyuzi 60 hadi 70. Ndani ya ekstruda, yaani mashine ya skrubu inayopika nyenzo na kuisukuma hadi mdomoni, maji ni machache, kwa hiyo joto hupandishwa hatua kwa hatua kutoka nyuzi 90 hadi 130 au 140. Gliserini huwa asilimia 25 hadi 35 ya mchanganyiko huo. Katika hatua hii maji ni rafiki.

Hatua ya pili mambo hugeuka. PBAT na PLA zote ni poliesta, na maji kwenye joto la kuyeyushia hukata minyororo yake ya molekuli vipande vipande. Kwa PLA, watengenezaji hutaka unyevu usizidi asilimia 0.025, yaani sehemu 250 kwa milioni. Wanga wako uliokaa ghalani una unyevu wa asilimia 12 hadi 14, na msimu wa masika huzidi. Ukiumimina moja kwa moja pamoja na PLA kwenye hopa moja (chombo cha kulishia mashine), umeiua plastiki kabla haijafika mdomoni.

Ndiyo maana napendekeza njia ya hatua mbili kwa kila anayeanza. Kwanza pika wanga kwa gliserini na maji, toa mvuke wote kwenye tundu la bareli, lile bomba la chuma ambamo skrubu huzunguka (pampu ya kufyonza hewa husaidia sana), kata chembe, kisha zikaushe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 1. Pili, changanya chembe hizo na PBAT au PLA iliyokaushwa. Wenye ekstruda ndefu ya skrubu mbili hufanya yote kwa mkupuo mmoja, wakiilisha plastiki katikati ya bareli baada ya mvuke kutoka. Inawezekana, lakini inadai mashine nzuri na mtu anayeijua.

Kukausha nako kuna mtego, hasa kwa walio pwani. Oveni ya kawaida inavuta hewa ya Tanga au Mombasa yenye unyevu mwingi, inaipasha, na kuipuliza kwenye chembe. Chembe zinapata moto bila kukauka inavyotakiwa. Kwa PLA unahitaji kikaushio kinachoondoa maji kwenye hewa yenyewe kwanza. PBAT ni mvumilivu zaidi: nyuzi 60 hadi 70 kwa saa kadhaa hutosha ikiwa mfuko haukuachwa wazi. PLA isiyo na fuwele usiipashe kupita nyuzi 50 wakati wa kukausha, maana ikikaribia nyuzi 55 hadi 60 hulainika na chembe hushikana kuwa bonge moja ndani ya hopa. PLA yenye fuwele hustahimili nyuzi 80.

Mapovu, matundu, na mlio wa kutokota mdomoni

Huu ni mvuke. Nyenzo inapotoka mdomoni shinikizo linashuka ghafla, maji yaliyokuwa yamebanwa yanalipuka kuwa povu. Pima unyevu wa chembe za wanga kwanza: pima gramu 10, kausha kwa nyuzi 105, pima tena mpaka uzito usibadilike. Kumbuka kuwa gliserini kidogo nayo huondoka katika joto hilo, kwa hiyo ichukue namba kama dira ya kulinganisha leo na jana.

Kama chembe ni kavu na mapovu yapo, angalia tundu la mvuke. Mara nyingi limezibwa na nyenzo iliyofura na kupanda juu, kwa sababu hopa inalishwa kwa kasi kuliko skrubu inavyoweza kusukuma. Punguza ulishaji. Kama tundu ni safi, angalia joto la mdomo: likiwa juu mno kwa mchanganyiko wa PBAT, tuseme nyuzi 170 ilhali 140 hadi 150 ingetosha, hata unyevu mdogo utatokeza mapovu.

Mapovu yanayotokea asubuhi tu, kisha kuisha baada ya saa moja ya kazi, huashiria chembe zilizolala kwenye hopa usiku kucha. Gliserini huvuta maji hewani bila kuchoka. Hopa imwagwe jioni, na chembe zifungwe kwenye mifuko ya karatasi ya alumini au ndoo zenye mifuniko ya kubana.

Vidoa vyeupe na vinundu

Punje ya wanga wa muhogo ina upana wa mikroni 5 hadi 25 hivi. Filamu ya mfuko mwepesi ina unene wa mikroni 20 hadi 30. Hesabu hiyo inatosha kueleza kila kitu: punje moja ambayo haikuiva inakaribia kujaza unene wote wa filamu, na punje tatu zilizoshikana zinautoboa.

Vinundu vinaweza kuwa wanga mbichi, vinaweza kuwa nyuzinyuzi za muhogo, au vinaweza kuwa plastiki iliyoungua na kubanduka ukutani mwa bareli. Tofautisha kabla ya kutibu. Dondoshea kinundu tone la ayodini iliyozimuliwa, ile inayouzwa maduka ya dawa. Kikigeuka rangi ya buluu inayoelekea nyeusi, kuna wanga pale. Lakini ayodini haikuambii kama wanga umeiva, kwa kuwa uliopikwa nao hubadilika rangi. Kwa hilo unahitaji hadubini yenye vioo viwili vya polaroidi, na hata vioo vya miwani ya jua ya aina hiyo vinaweza kufanya kazi, kimoja chini ya sampuli na kingine juu. Punje ambayo haijapasuka huonekana iking'aa na alama ya msalaba katikati. Iliyoiva haina msalaba.

Ukiona misalaba mingi, wanga haukupata muda, maji au msukosuko wa kutosha katika hatua ya kwanza. Changanya wanga na gliserini mapema na uuache mchanganyiko ulale usiku mzima kwenye chombo kilichofungwa, ili gliserini ipenye ndani ya punje badala ya kubaki juu juu. Ongeza maji kidogo katika hatua ya kupika. Ekstruda ya skrubu moja ina msukosuko hafifu, kwa hiyo huenda ukalazimika kupitisha nyenzo mara mbili.

Usipoona misalaba, rudi kwenye gunia. Je, umenunua wanga au unga? Unga wa muhogo ni mzizi mzima uliosagwa, una nyuzinyuzi ndani, na nyuzinyuzi haziyeyuki kamwe. Wanga hupatikana kwa kukuna muhogo mbichi, kuukamua na kuuchuja kwa maji, kuacha utuame, kumwaga maji ya juu na kukausha. Baadhi ya wauzaji huita vyote viwili kwa jina moja. Koroga kijiko kwenye maji ya baridi na upitishe kwenye chujio jembamba sana: wanga safi unapita karibu wote.

Angalia pia harufu na uchachu. Muhogo huanza kuharibika siku moja hadi tatu baada ya kung'olewa, na wanga uliotuama muda mrefu kwenye maji ya joto huchacha. Wanga wenye asidi hukata minyororo yake wenyewe na ya poliesta pia, na utakuletea dalili za sehemu mbili zinazofuata bila wewe kujua. Karatasi ya kupimia pH ni ya bei ndogo, na wanga wa kawaida haupaswi kuwa chini ya 5.

Rangi ya kahawia, harufu ya kuungua, moshi unaouma macho

Moshi unaouma macho na koo usiuchukulie kuwa jambo la kawaida la karakana. Gliserini iliyounguzwa hutoa akroleini, gesi yenye sumu. Zima vipasha joto, fungua madirisha, toa watu nje. Halafu ndipo utafute sababu.

Wanga hupaswi kuupeleka juu ya nyuzi 180 kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba namba unayoiona kwenye paneli ni joto la chuma, wakati nyenzo yenyewe, ikisuguliwa na skrubu inayozunguka kasi, inaweza kuwa na nyuzi 20 au 30 zaidi. Ingiza kipimajoto kwenye nyenzo inayotoka mdomoni na uamini hicho. Kama ni moto kupita kiasi, punguza kasi ya skrubu kabla ya kupunguza joto la kanda za bareli; ukishusha joto pekee, uji unakuwa mzito zaidi, msuguano unaongezeka, na joto linarudi pale pale.

Ikiwa rangi inabadilika polepole kadiri siku inavyokwenda, kuna nyenzo imekwama mahali pasipo na mzunguko: kwenye kona ya adapta, nyuma ya chujio cha waya, kwenye skrubu iliyochakaa. Pitisha plastiki safi bila wanga kila unapozima mashine. Kamwe usizime bareli ikiwa imejaa wanga. Kesho yake utakuta kaa.

Kwa PLA hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kiwango chake cha kuyeyuka kinakaribia kile ambacho wanga huanza kuteseka. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, nyuzi 160 hadi 180 hivi. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na PBAT.

Uji unakuwa mwepesi, puto linayumba au kuanguka

Puto la filamu, yaani plastiki laini inayojazwa hewa inapotoka mdomoni, linapokosa nguvu na kulegea ingawa joto halijabadilika, minyororo ya poliesta imekatika. Wahalifu ni maji na asidi, kwa mpangilio huo. Ukisharudi kwenye vipimo vya unyevu na pH, angalia ulichoongeza kwa makusudi. Watu wengi hutia ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ili kuunganisha wanga na plastiki. Asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa wanga husaidia kweli. Ikizidi, inakata pande zote mbili na uji unageuka kimiminika.

Kuna virefusho vya minyororo vyenye makundi ya epoksi vinavyouzwa kwa ajili ya poliesta, na hutumika kwa kiasi kidogo sana, takriban asilimia 0.3 hadi 0.5. Vinarudisha nguvu ya puto. Lakini kutia kirefusho kwenye nyenzo yenye unyevu ni kulipia dawa huku ugonjwa ukiendelea. Kausha kwanza.

Kama uji una nguvu na puto bado linayumba, tatizo ni hewa. Nyenzo hii hupoa taratibu kuliko polithini ya kawaida, na hewa ya karakana yenye nyuzi 32 haipozi ipasavyo. Punguza kasi ya kuvuta, elekeza upepo wa pete ya hewa inayolizunguka puto sawasawa pande zote, na zuia upepo wa mlangoni.

Filamu inachanika kwa urefu, au inavunjika badala ya kunyumbuka

Hapa ndipo ugumu halisi wa kazi hii ulipo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu.

Wanga unapenda maji, poliesta hazipendi. Ukivichanganya bila kiunganishi, kimoja kinabaki vidonge ndani ya kingine, na mpaka kati yao haushiki. Ukivuta filamu, mpaka huo ndio unaoachia kwanza. Vunja kipande kilichogandishwa kwenye friza na ukitazame kwa lenzi kali au hadubini: ukiona vishimo safi vya mviringo ambamo vidonge vya wanga vimechomoka, hakuna mshikamano. Ukiona uso uliokwaruzika usio na vishimo vya wazi, mshikamano upo na tatizo litafutwe kwingine.

Kiunganishi kinachotumika zaidi ni PBAT au PLA iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, ambayo upande mmoja hushikana na wanga na upande mwingine huchanganyika na plastiki mama. Inauzwa tayari. Wanaojaribu kuipandikiza wenyewe kwenye ekstruda wanahitaji kujua kuwa anhidridi hiyo huunguza macho na mapafu. Katika maandishi ya kitaalamu utakuta pia MDI, kemikali ya kundi la isosianeti. Inaunganisha vizuri sana. Ninakusihi usiitumie kwenye karakana ndogo, wala kwenye kitu kitakachogusa chakula: mvuke wake huleta pumu kwa wafanyakazi, na mabaki yake yanaweza kuzalisha amini zenye madhara. Chakula cha watu hakijaribiwi hivyo.

Kabla ya kununua kiunganishi, hata hivyo, tazama uzito wa uji wa pande mbili. Wanga wenye gliserini haba ni mzito kupita plastiki iliyoyeyuka, na skrubu haiwezi kuusaga kuwa vidonge vidogo. Kuongeza gliserini kutoka asilimia 25 hadi 30 wakati mwingine hufanya kazi ambayo ulidhani inahitaji kemikali. Tazama pia kiasi cha wanga wote. Chembe za wanga zilizolainishwa zikiwa asilimia 30 ya mchanganyiko, PBAT inaendelea kuwa ndiyo inayobeba mwili wa filamu. Ukivuka nusu, wanga unaweza kuwa ndio mwili na plastiki ikawa vidonge. Hapo filamu inakuwa dhaifu na inayeyukayeyuka ikigusa maji. Natambua kwa nini watu wanataka kuongeza wanga, kwa sababu PBAT inaagizwa nje kwa dola na wanga unapatikana kijijini. Lakini asilimia 30 inayofanya kazi inauza, na asilimia 60 inayochanika inarudishwa.

Kuchanika kwa mstari ulionyooka kuelekea upande wa kuvuta ni jambo jingine. Vidonge vya wanga vimenyooshwa kuwa nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Panua puto zaidi, kipenyo chake kiwe mara 2.5 hadi 3 ya kipenyo cha mdomo, na upunguze kasi ya kuvuta ili filamu inyooshwe pande zote mbili.

Wiki ya kwanza laini, wiki ya tatu inavunjika

Ugali wa jana ni mgumu kuliko wa leo, hata ukifunikwa usikauke. Ndani ya mfuko wako linatokea jambo lile lile: minyororo ya wanga iliyotawanywa na joto hurudi kujipanga kuwa fuwele. Sehemu yake iitwayo amilosi hujipanga ndani ya saa chache, na amilopektini hufanya hivyo taratibu kwa siku na majuma. Muhogo una bahati katika hili: amilosi yake ni takriban asilimia 17 hadi 20, wakati ya mahindi hufikia 25 au zaidi. Filamu ya muhogo huzeeka polepole zaidi.

Kwa sababu hiyo, usipime ubora wa filamu siku ile ile iliyotoka mashinini. Iweke siku kadhaa kwenye chumba chenye hali isiyobadilika (maabara hutumia nyuzi 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50), ipime, iache majuma kadhaa, ipime tena. Bidhaa ni ile ya majuma kadhaa, kwa kuwa ndiyo itakayomfikia mama wa duka.

Kuzeeka hupunguzwa kwa kuchanganya vilainishi: sehemu ya gliserini ikibadilishwa na sorbitoli, minyororo hupata shida zaidi kujipanga. Asidi ya sitriki kidogo nayo husaidia. Yurea huzuia kuzeeka vizuri, lakini iache kwa filamu za kutandaza shambani, isiingie kwenye vifungashio vya chakula.

Halafu kuna ugumu unaotokana na ukavu tu. Filamu iliyotengenezwa Dar es Salaam ikapelekwa Dodoma wakati wa kiangazi hupoteza maji, na maji nayo ni kilainishi. Irudishe kipande kwenye chumba chenye unyevu kwa siku mbili. Kikilainika tena, ulikuwa ukavu. Kisipolainika, ni fuwele.

Filamu inatoka jasho, inanata, haifunguki

Unyevunyevu wa utelezi juu ya filamu ni gliserini inayotoka nje, ama kwa kuwa ilizidi, ama kwa kuwa wanga ulipojipanga upya uliisukuma. Ukiwa juu ya asilimia 35, punguza. Ukiwa chini ya hapo, soma tena sehemu ya kuzeeka.

Kunata kwenye roli bila jasho mara nyingi ni kukunja filamu ikiwa bado na joto. Filamu isifike kwenye roli ikiwa juu ya nyuzi 40. Ongeza urefu wa mnara au punguza kasi. Unga laini wa talki au kalsiamu kaboneti wa daraja la chakula, uliochanganywa ndani ya nyenzo, hutenganisha nyuso mbili vizuri.

Gliserini yenyewe ninasisitiza iwe ya daraja la chakula au dawa, kutoka kwa muuzaji anayetoa cheti cha kila shehena. Mabaki ya viwanda vya dizeli ya mimea yana methanoli na chumvi. Gambia mwaka 2022 ilipoteza watoto wengi waliokunywa dawa za maji zilizokutwa na dietileni glikoli na ethileni glikoli, sumu zinazoweza kuingia kupitia malighafi kama gliserini ambayo haikupimwa. Bei ndogo kwenye pipa lisilo na cheti si nafuu.

Mshono wa joto unaachia

Mara nyingi ni joto la kisu cha kuziba. Watu huacha lile la polithini. Anza nyuzi 100 kwa mchanganyiko wa PBAT, panda kwa nyuzi tano tano, ongeza muda wa kubana kabla ya kuongeza joto zaidi. Jasho la gliserini nalo huzuia mshono, kwa hiyo futa na ujaribu tena.

Mfuko ni mzima, chakula ndicho kilichoharibika

Wanga mkavu huzuia oksijeni vizuri lakini hupitisha mvuke wa maji. PBAT pia huupitisha kirahisi. Kwa hiyo korosho zilizokaangwa zitalegea, na biskuti pia. Hilo huwezi kulirekebisha kwa kuzungusha vitufe. Mkate wa siku mbili, matunda, mboga na maandazi ya kuuzwa leo vinafaa, na mboga hunufaika na mfuko unaopumua. Samaki wa barafu hafai.

Ukungu mweusi kwenye mifuko iliyohifadhiwa ni unyevu wa ghala. Hewa ikikaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu, wanga ni chakula kwa kuvu kama ulivyo kwako. Funga mabunda, yainue kutoka sakafuni, uza ya zamani kwanza.

Sahani au kikombe cha PLA kinacholegea kikiwekewa wali wa moto hakina kasoro ya utengenezaji. PLA ya kawaida hulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na kuongeza wanga wenye gliserini hakuinui kiwango hicho. Unahitaji PLA iliyofanywa ijenge fuwele, au PBS, poliesta nyingine inayooza, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 115.

Imezikwa miezi, bado ipo

Kwanza uliza imezikwa wapi. Kiwango cha Ulaya EN 13432 kinadai asilimia 90 ya nyenzo iliwe na vijidudu ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 vipande vilivyobaki juu ya chekeche la milimita 2 visizidi asilimia 10, lakini kwenye mboji ya kiwandani yenye nyuzi 58 hivi. Shimo la nyuma ya nyumba halifiki huko. Wanga huliwa mapema, PBAT hufuata polepole, na PLA kwenye udongo wa baridi hukaa muda mrefu sana. Baharini pia PLA haiozi kwa kasi yoyote ya maana. Usiandike kwenye mfuko kwamba unaoza popote. Andika unaoza wapi.

Pili, hakikisha plastiki uliyonunua ni hiyo iliyoandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 polithini iliyotiwa wanga iliuzwa Marekani kama mfuko unaooza. Wanga uliliwa, polithini ikabaki vipande. Biashara ya namna hiyo haijaisha. Kipimo rahisi ni maji: dondosha chembe safi ya malighafi, isiyo na mapovu, kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Polithini ina uzito wa takriban gramu 0.92 kwa sentimita moja ya ujazo na huelea. PBAT na PLA zina karibu 1.25 na huzama. Chembe iliyojazwa chokaa inaweza kuzama hata kama ni polithini, kwa hiyo inayoelea irudishe kwa muuzaji, na inayozama iombee karatasi za vipimo kabla hujalipa shehena nzima.